Kabla "Afande" Hajapiga: Mambo ya Kupanga Mapema

Tapeli anayejifanya polisi kwenye simu hategemei ujinga wako. Anategemea hofu na haraka, na hapa Uganda ana mtaji wa tatu: wengi wetu tumewahi kufika kituoni tukaombwa pesa ya mafuta ya gari, ya karatasi, au "chai ya vijana". Kwa hiyo afande akiomba pesa, hatushtuki inavyopaswa, tunaanza kujadiliana bei. Maandalizi yote ninayoyaeleza hapa yanatokana na uamuzi mmoja unaoufanya leo ukiwa umetulia: kesi haimalizwi kwenye simu. Kama ipo kweli, iko kituoni, na kituo hakihami.

Kwanza ujue simu yenyewe inavyokuwa. Sauti nzito, Kiswahili cha amri, hata kama wewe umeitika kwa Luganda au Rutooro. "Wewe ni fulani bin fulani? Uko wapi saa hii? Unaongea na OC CID," yaani mkuu wa upelelezi wa kituo. Nyuma yake redio inakoroma, au kuna mtu analia. Kiswahili hicho hakikuchaguliwa bure. Kwa Waganda wengi wa umri mkubwa bado ni lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani enzi za Amin, na hata leo ndiyo lugha ya kazi ya jeshi na polisi. Sisi tunaokisema nyumbani, Bwera, Busia, Bombo au Nakivale, tuna nafuu kidogo: tunaweza kumjibu kwa lugha hiyo hiyo bila kutetemeka, tukamuuliza maswali. Tapeli hapendi maswali.

Kinachowamaliza watu ni kutajiwa jina lao kamili. "Amejuaje jina langu kama si polisi?" Jaribu mwenyewe leo: fungua menyu ya kutuma pesa kwenye MoMo au Airtel Money, ingiza namba ya rafiki yako, na kabla hujathibitisha jina lake litakujia kwenye skrini. Yeyote mwenye namba yako analo jina lako. Na namba yako iko kila mahali: kwenye daftari la askari wa getini katika majengo ya Kampala, ambako unaandika jina, simu na unakokwenda, na mgeni anayekufuata anasoma yote wakati anatafuta mstari wake; kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi na misiba; kwenye risiti. Usichukue jina lako kuwa ushahidi wa chochote. Wala lile linalotokea kwenye Truecaller si ushahidi. Pale mtu anajiandika apendavyo, na "OC Kira Road" ni maneno tu.

Sasa visingizio. Viko vingi lakini viwili ndivyo vinavyowakamata watu wengi, na vyote viwili unaweza kuvijengea ukuta mapema.

Cha kwanza ni simu ya wizi. "Simu unayotumia ilichukuliwa kwa mtu aliyeuawa. Tumeifuatilia mpaka kwako. Tuma laki tatu tufunge faili kabla hatujaja." Kinatisha kwa sababu kina ukweli ndani yake: polisi hufuatilia simu zilizoibwa kwa IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe, na watu walionunua simu iliyotumika bila kujua wameshajikuta wakiandika maelezo kituoni. Dawa yake inaanza dukani. Kabla hujalipa, bonyeza *#06#, IMEI itatokea. Hakikisha muuzaji anaiandika kwenye risiti pamoja na jina lake, namba yake ya simu na tarehe. Ukinunua kwa mtu binafsi, piga picha ya kitambulisho chake cha taifa. Akikataa, umeokoa pesa zako. Kisha ipige picha risiti yenyewe na kumtumia ndugu yako, maana karatasi za madukani hufutika wino baada ya miezi michache. Mwenye risiti ya namna hiyo akipigiwa anaweza kusema, "Sawa afande, nitaileta simu na risiti kituoni, ni kituo gani?" Sauti ya upande wa pili hubadilika hapo hapo.

Cha pili ni ndugu aliyekamatwa. Kijana wa boda amemgonga mtu, binti amekutwa na mali ya bosi wake, na usipotuma pesa sasa hivi "analala Luzira". Hapa sheria inakusaidia, na inafaa uijue kabla. Luzira ni gereza. OC, yaani mkuu wa kituo, hana mamlaka ya kumpeleka mtu gerezani. Mtu anapelekwa huko kwa amri ya mahakama, na mahakama hazikai saa nne za usiku. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa na aambiwe haki yake ya kuwa na wakili, ndugu zake wajulishwe haraka iwezekanavyo akiomba, na kama hajaachiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kituoni, haina malipo, na vituo vingi vimebandika maneno hayo ukutani. Najua, na wewe unajua, kwamba kuna kaunta ambako bango linasema hivi na mkono unasema vile. Lakini hata huyo wa mkono anakuona uso kwa uso, na ndugu yako yuko pale kwenye seli unamwona.

Kwa hiyo kaeni kama familia mpange mambo mawili. La kwanza, swali la siri. Lisiwe tarehe ya kuzaliwa au jina la shule, hayo yako Facebook. Liwe kama "yule mbuzi aliyetumbukia kisimani alikuwa wa nani?" Anayedai kuwa na kijana wenu aulizwe hilo, au ampe kijana simu ajibu mwenyewe. La pili, hakuna anayetuma pesa peke yake. Mama aliyeko kijijini akipigiwa, anakata, anampigia mwanawe, kisha anampigia mtu wa pili mliyemchagua. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari, kwa herufi kubwa, si ndani ya simu tu. Kuna ujanja wa kumwambia kijana kwanza kwamba azime simu kwa nusu saa kwa kuwa "mtandao unarekebishwa", halafu wanampigia mama. Mama akikuta imezimwa, anaamini. Akijua ujanja huo mapema, simu iliyozimwa itamfanya ampigie mwajiri, jirani, au mwenyekiti wa stendi ya boda.

Faini za barabarani zinahitaji maneno machache tu. Faini ya EPS, ile ya papo hapo ya makosa ya barabarani, ni deni la serikali: hulipwa kwa namba ya malipo, PRN, benki au kwa simu, na haiendi kwenye laini ya mtu. Mfumo wa kamera uliposhika kasi mwaka 2025, madereva walilalamika hadi Waziri wa Ujenzi, Katumba Wamala, akausitisha kwa muda, na mkanganyiko kama huo ni shamba zuri la matapeli. Ukipigiwa kuhusu faini, omba PRN.

Kwa wakimbizi, nasema hasa na ndugu zetu Wakongo wa Nakivale, Kyangwali na mitaa ya Kampala: karatasi zenu ziko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Hakuna polisi anayeweza kuzifuta kwa simu, na hakuna malipo ya "kuzilinda".

Narudi kwenye jambo ambalo watu hulisahau, nalo ni kwamba polisi wa kweli naye anaweza kukupigia. Mpelelezi akipata orodha ya mawasiliano ya mtuhumiwa atawapigia walio kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo usimtukane kila anayesema yeye ni afande. Muulize jina, kituo na namba ya kesi. Namba ya SD, yaani ya daftari la kituo, hubeba namba ya ingizo pamoja na tarehe. Faili likifunguliwa huwa na namba ya CRB, ya daftari la kesi za jinai. Tapeli anaweza kubuni zote mbili, lakini hawezi kuziandika kwenye daftari lililoko kaunta. Ziandike, shukuru, kata. Usimpigie kwa namba aliyokupa yeye. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, kwa kawaida anamjua OC wa eneo, muulize. Ukiamua kwenda, nenda na mtu, nenda mchana, nenda kituoni. Anayetaka mkutane kwenye kituo cha mafuta au hotelini, hata akiwa na sare, mwache asubiri huko huko.

Kuna andalizi moja zaidi ambalo linakulinda usije ukawa wewe ndiye "afande". Usajili wa laini hufanywa kwa NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole, lakini laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine bado zinauzwa. Zinapatikanaje? Umekaa chini ya mwavuli wa msajili, umeweka kidole, anasema "haijasoma, weka tena". Unaweka tena. Wakati mwingine kweli haijasoma. Wakati mwingine umesajili laini ya pili ambayo hutaiona, na siku mzee wa Mityana atakapotapeliwa, jina litakalotokea ni lako na polisi atakayekupigia atakuwa wa kweli. Sajili laini kwenye duka la mtandao wenyewe, angalia skrini kila unapoweka kidole, na uombe uonyeshwe laini ngapi ziko kwa jina lako.

Na kama pesa zimeshakwenda? Usimpigie tapeli kumlaani, unampa muda wa kuzitoa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo, omba muamala uzuiwe kabla hajafika kwa wakala. Usifute ujumbe wa muamala, una namba utakayoulizwa kila mahali. Kisha nenda kituoni ukaandikishe, uondoke na namba yako ya SD. Kama bado anakutisha kwamba yuko njiani kuja kwako, 999 na 112 ni za polisi.

Baada ya siku chache jiandae kwa simu nyingine, ya mpole safari hii: yeye ni wa kitengo cha makosa ya mtandao Kibuli, wamemkamata mwizi wako, pesa zako ziko tayari, inatakiwa ada ndogo tu ya kuzirudisha. Mwambie umefurahi sana, na kwamba ada hiyo utailipia kaunta, ukiwa na mwenyekiti.