Jinsi ya kuomba risechi yako isahihishwe upya bila kulipa mara mbili kama mimi

Ukikuta D kwenye risechi iliyokuzungusha vijiji vya Tandahimba miezi miwili juu ya bodaboda, mkono unawasha kuandika barua ya hasira. Mimi niliandika, nikalipa, nikangoja, nikajibiwa kwamba alama zangu zimejumlishwa sawasawa. Hilo nilikuwa nalijua. Takwimu ndiyo fani niliyokuwa nasomea, kujumlisha hakujawahi kunishinda.

Huu ni utaratibu wa chuo nilichosoma hapa Mtwara mjini. Kwenu ada na fomu zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo tafuta kanuni zenu za mitihani uangalie siku za mwisho wa rufaa. Kwetu zilikuwa siku 14 tangu matokeo yabandikwe, si tangu wewe uyaone. Mwenzangu alikuwa kwao Newala akisaidia shambani, akayaona siku ya 12.

Kabla hujagusa fomu, omba karatasi za alama

Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwetu risechi inasomwa na watu wawili, msimamizi wako na mtahini wa pili. Kila mmoja anajaza karatasi yenye vipengele: tatizo la utafiti, mapitio ya maandiko, mbinu, uchambuzi, majadiliano, uandishi. Kila kipengele kina alama zake na nafasi ya maoni. Una haki ya kuziona. Nenda kwa mratibu wa utafiti wa idara, asubuhi kabla ya chai, maana baada ya chai hupati uhakika wa mtu wala wa ufunguo wa kabati. Usiombe "kujua kwa nini nimefeli". Omba kuona maoni ya watahini kipengele kwa kipengele, na uandike yote kwenye daftari.

Mimi nilizifuata baada ya kulipa. Nilipozisoma nikakuta nimeangushwa na vitu viwili. Kwenye uchambuzi mtahini wa pili ameandika, "Jaribio halifai kwa data hizi." Kwenye mbinu ameandika, "Haelezi sampuli ilivyopatikana."

Kaa chini ujisahihishe mwenyewe kwanza. Nilikuwa napima kama kiwango cha elimu cha mkulima kinahusiana na kupuliza salfa kwenye mikorosho. Wakulima kwenye orodha walikuwa 1,200, na kwa fomula ya Yamane, ile ya kupata ukubwa wa sampuli, kosa la asilimia 5, unapata 1,200 kugawa kwa 4, yaani 300. Hapo safi. Katika hao 300, wasiopuliza walikuwa 60. Elimu niliigawa makundi matano: wasiosoma 22, darasa la saba 198, kidato cha nne 65, kidato cha sita 8, chuo 7. Nikapiga kai-skwea, jaribio la kuona kama mambo mawili yanahusiana, nikapata jibu zuri, nikafurahi.

Sasa chukua wale 7 wa chuo. Idadi tarajiwa ya wasiopuliza katika kundi hilo ni 7 mara 60 kugawa kwa 300, ambayo ni 1.4. Kidato cha sita ni 1.6. Wasiosoma ni 4.4. Jedwali lina visanduku kumi, makundi matano mara wanaopuliza na wasiopuliza, na vitatu vina idadi tarajiwa chini ya 5, yaani asilimia 30, wakati kanuni inayofundishwa ni visizidi asilimia 20. SPSS, programu niliyochambulia data, yenyewe ilikuwa imeniambia, kwa maandishi madogo chini ya jedwali. Maandishi hayo niliyakata nilipohamishia jedwali kwenye ripoti, eti yanaharibu mpangilio. Ningeunganisha kidato cha nne, cha sita na chuo kuwa kundi moja la watu 80, vingebaki visanduku sita, na kimoja tu kingekuwa chini ya 5.

Kwa hiyo hapo mtahini alikuwa sahihi, na rufaa isingenisaidia kitu.

Kwenye sampuli hakuwa sahihi. Nilieleza kurasa mbili nzima, kuanzia ukurasa wa 27. Nikaenda kuomba kuiona nakala aliyoisoma. Kurasa za 26 hadi 29 hazimo! Kijana wa steshenari aliziruka wakati wa kudurufu. Siku ile umeme ulikatika mara tatu, katika mkoa ambao gesi inachimbwa Msimbati. Nilibeba nakala zangu zikiwa bado na joto la mashine na sikufungua hata moja. Wewe fungua zote, ukurasa kwa ukurasa, pale pale kaunta.

Fomu

Jina, namba ya usajili, kozi, hayo unayajua. Angalia visanduku viwili vya chini. Kimoja ni kujumlisha alama upya, kingine ni kusahihisha upya. Cha kwanza kwetu kilikuwa elfu ishirini, cha pili elfu sitini. Nilitia tiki cha kwanza kwa sababu ya bei. Kujumlisha upya maana yake ni mtu na kikokotoo; risechi yako haifunguliwi. Ada hairudi, na kuhama kisanduku ni kuanza fomu upya.

Nafasi ya sababu iandike kwa ukurasa na kipengele. Usitaje jasho, mvua wala ada ya mzazi. Yangu ya pili ilikuwa hivi: "Kipengele cha mbinu: maoni yanasema sampuli haikuelezwa. Maelezo yapo ukurasa wa 27 na 28. Nakala ya mtahini wa pili haina ukurasa wa 26 hadi 29. Naambatisha nakala kamili." Kuhusu kai-skwea nilinyamaza.

Ambatisha pia barua za kibali ulizopewa, ya halmashauri hadi ya mtendaji wa kijiji. Hakuna aliyeniomba, lakini zilionyesha kwamba huko vijijini nilifika kweli.

Malipo

Kontroo namba, ile namba ya kulipia, inatoka kwa uhasibu. Utaambiwa mtandao haupo. Omba uandikiwe kwenye fomu tarehe uliyofika, na muhuri, kwa sababu siku zako 14 hazisimami kungoja mtandao. Mama wa masjala alinitazama kwa huruma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umerudi tena?"

"Nimerudi, mama. Nilikosea kisanduku."

"Mnakosea wengi. Lete nigonge muhuri kabla sijaenda kuswali."

Aligonga siku ya 13. Lipa kwa simu, kisha chapisha risiti, maana ujumbe wa simu haupokelewi na faili.

Kusubiri na baada ya hapo

Nakala inapelekwa kwa mtahini mwingine, halafu kwenye bodi ya mitihani. Kwenda kuulizia kila siku hakuharakishi chochote. Mara moja kwa wiki inatosha wasikusahau. Jua pia kwamba alama zinaweza kushuka, na fomu inakusainisha hilo kwa herufi ndogo.

Nilipanda kutoka D hadi C. Barua nilipewa Jumatatu, lakini kwenye mfumo D iliendelea kukaa, na jina langu lilibaki ubaoni kwenye orodha ya sapu, yaani ya wanaorudia. Usiiamini barua peke yake: itoe nakala, ipeleke kwa afisa mitihani, na usiondoke mezani kwake mpaka ameufungua mfumo na wewe umeiona C kwa macho yako. Jina la ubaoni alilifuta kwa kalamu ya wino mwekundu, mstari mmoja, akaniuliza kama nina ishirini ya maji.