SOMO: Kuongoza timu ya habari kwenye NGO ya utetezi huku Nyanda za Juu Kusini

Wakuu habari za jioni. Kila mara napokea meseji ya mtu kapewa ukuu wa kitengo cha habari kwenye shirika, mara yuko Mbeya mjini, mara Njombe, juzi tena mdogo wangu mmoja wa Mafinga, na wote swali ni lilelile, naanzia wapi na ninunue kamera gani. Kujibu mmoja mmoja nimechoka, naweka yote hapa, soma mpaka mwisho ndo uulize. Nazungumzia mashirika yanayodai jambo fulani libadilike, lishe, ndoa za utotoni, mabinti wa kazi za ndani, ardhi. Kama shirika lenu linagawa vitu tu na hamna mnachomdai mtu yeyote, mengi humu hayatakusaidia.

HATUA YA 1. Jua mnamdai nani, na huyo mtu anaamua lini

Hii inatangulia kamera, inatangulia hata kuajiri. Chukua udumavu, yaani mtoto kutofikia kimo cha umri wake kwa lishe duni. Utafiti wa demografia na afya wa 2022 ulionyesha Iringa watoto waliodumaa chini ya miaka 5 ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, wakati taifa zima ni 30. Na huku ndo kwenye mahindi, viazi, maharage, tunalisha mpaka mikoa mingine. Sasa timu nyingi zinaenda Kilolo zinapiga picha ya mtoto mnyonge kakaa chini, zinaandika "tuwasaidie watoto hawa", basi, kazi imeisha. Nani asaidie? Kwa kufanya nini? Ukiweka hivo msomaji anaelewa kwamba chakula hamna, wakati shida ni ugali kila mlo, mama anashinda shambani msimu mzima na mtoto anabaki na kaka yake wa miaka sita.

Halmashauri zimeelekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Hapo sasa una kazi. Ya kwetu imetenga? Iliyotengwa imetoka? Iliyotoka imefanya nini? Wa kujibu ni mkurugenzi na madiwani, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1, maana yake bajeti inakuwa imeshapita kwa madiwani miezi kadhaa nyuma. Simulizi yako nzuri ukiitoa mwezi wa tano umechelewa, itoe wakati bado wanapanga. Kalenda ya timu ichorwe kwa kufuata vikao vya baraza, sio kwa kufuata Siku ya hiki na Siku ya kile.

HATUA YA 2. Watu

Wanne wanatosha: wa kuandika, wa picha na video, wa redio, wa mitandao. Kikao Jumatatu asubuhi, kifupi. Na usikubali timu igeuzwe wapiga picha wa semina, hilo liseme wiki ya kwanza kwa mkurugenzi wako kwa adabu lakini liseme.

HATUA YA 3. Vifaa

Simu yenye kamera nzuri, maiki mbili za kubana kwenye nguo, stendi, hard disk mbili za kutunzia kazi (moja ibaki ofisini haitoki). Kamera kubwa baadaye.

HATUA YA 4. Barua

Kabla ya kuingia kijijini peleka barua ya kujitambulisha ofisi ya mkuu wa wilaya, halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Saini kitabu cha wageni. Usiruke hata mmoja.

HATUA YA 5. RIDHAA (hapa naomba utulie)

Hapa ndipo timu nyingi zinaharibu na ukishaharibu hurekebishi. Kuna shirika moja, silitaji, lilimpiga picha binti aliyepata mimba akiwa shule, mama yake akasaini fomu, kila kitu kisheria kikaonekana kipo sawa. Mwisho wa mwaka wakatengeneza kalenda, wakagawa ofisi za kata, na moja ikabandikwa kwenye kata ya yule binti. Wakati huo alisharudi darasani, maana tangu mwishoni mwa 2021 mabinti waliojifungua wanaruhusiwa kurudi. Mwaka mzima sura yake iko ukutani pale na kila anayeenda kugonga muhuri anaiona. Fomu ilikuwepo, saini ilikuwepo, ila mama hakuambiwa neno kalenda, na binti mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo fomu ni karatasi ya mwisho kabisa. Kwanza mwonyeshe mtu kwa macho, fungua simu yako umwoneshe posti ya mtu mwingine aliyekubali, mwambie hivi ndo itakavyokuwa, na itaonekana na majirani zako, mashemeji zako, na ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp mimi mwenyewe siwezi kuirudisha. Mwache alale nayo. Kesho yake muulize tena. Ukishapiga mwonyeshe picha, muulize mara ya tatu. Mwachie namba ya kupiga akibadili mawazo, na akipiga toeni, bila kumbembeleza. Mtoto anaulizwa yeye pamoja na mzazi, mmoja akikataa imekataliwa. Na ridhaa iwe na mwisho, miaka miwili inatosha, ukitaka kuitumia tena rudi ukaombe upya.

Kingine ambacho watu hawakifikirii: anayeomba ridhaa asiwe yule anayegawa mbegu au kulipa ada. Mama anayesomeshewa mtoto na shirika lenu hana ubavu wa kuwaambia hapana, atasema ndiyo hata kama roho inakataa. Mtume mtu mwingine, na mwambie wazi kwamba akikataa ada inaendelea kulipwa vilevile.

TAHADHARI ZA HAPA HAPA:
- Kuziba macho kwa mstari mweusi sio kuficha mtu. Kijijini wanakujua kwa kitenge, kwa mwendo, kwa sweta ya shule, kwa mlango wa nyumba. Mpige mgongo au mikono, mbali kabisa na nyumbani kwake.
- Sauti pia ni sura. Maneno yake yasomwe na mtu mwingine.
- Picha ya simu inabeba mahali ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida ile taarifa inaondoka, ukiituma kama dokumenti inaenda nayo. Zima lokesheni kabla hujatoka ofisini.
- Habari za VVU, na huku kwetu Njombe, Iringa na Mbeya tunajua maambukizi yalivyo juu, Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mtu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka taarifa za afya na za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, zinataka ridhaa ya maandishi. Shirika lenyewe linatakiwa lijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulize mwanasheria wenu, asipojua mpe aisome.

HATUA YA 6. Usalama wa timu

Septemba 2, 2012, Nyololo, Mufindi, Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini, na alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, mtu mzoefu. Kwa hiyo usiniambie vijana wako wanajua kujiangalia. Wawili wawili, hakuna kwenda peke yako. Ofisini awepo anayejua wako kijiji gani na wanarudi saa ngapi. Pakichafuka wanaondoka na hakuna anayerudi kuchukua stendi. Vifaa vinanunuliwa.

HATUA YA 7. Redio

Vijijini huku redio bado ndo mwenyewe, Kitulo FM kule Makete, Chai FM Tukuyu, watu wanazisikiliza wakiwa jikoni. Kipindi kiwe jioni watu wametoka shamba, na mpigieni simu diwani hewani ajibu swali moja tu lenye namba. Posti inayopendwa na watu wa Dar haimtishi diwani wa Wanging'ombe, swali lililosikika na wapiga kura wake linamgusa.

HATUA YA 8. Waandishi wa nje

Nauli na chakula lipeni, kwa orodha, wanasaini, kiwango kimoja kwa wote. Hela ya kuchapisha habari msitoe hata mia. Ukitoa leo ya kuitoa, kesho atatoa mwingine ya kuizuia.

HATUA YA 9. Kupima

Andika kila mwezi nani alijibu, alisema nini, nini kilibadilika. Idadi ya watazamaji weka kwenye kiambatisho.

Nimemaliza. Ulizeni.

MASWALI

Mdau wa Mwanjelwa: Dada somo zuri sana ubarikiwe. Sasa kwa milioni mbili kamera gani inafaa?

Jibu: Hatua ya 3.

Mdau wa Mwanjelwa: Nimeiona ila bosi anataka kamera kubwa ionekane tuko siriasi.

Jibu: Basi mpe bosi naye asome. Milioni mbili ni simu, maiki, na chenji ya nauli za kwenda vijijini. Hamtaonekana siriasi kwa kamera iliyokaa kabatini Mbeya.

Tunduma Boda: Naomba fomu ya ridhaa nikopi, nina kazi kesho asubuhi.

Jibu: Situmi. Kama kazi ni kesho na hujaongea na mtu hata mmoja, hiyo sio ridhaa na fomu yangu haitakuokoa. Ahirisha, nenda kesho kaongee nao bila kamera, kisha rudi hapa tuandike fomu pamoja kulingana na mlichokubaliana.

Mzee wa Miradi: Hii nadharia. Mfadhili anataka sura, anataka macho ya mtoto, migongo haichangishi hela. Wewe unalipwa na nani?

Jibu: Nalipwa na wafadhili kama wewe mkuu. Wengi wao wana sera ya kulinda watoto, iombe kwa maandishi kabla hamjasaini mkataba, utakuta yanayokatazwa mle ndo hayohayo afisa wao anakuomba kwa simu. Na mimi sijasema msionyeshe sura yoyote. Mama mtu mzima anayesimama mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji na kumuuliza mtendaji ile elfu moja iko wapi, na anataka aonekane, mpige sura yote, mwandike jina lake, hiyo ndo picha yenye nguvu. Mtoto sio wa kusimama kudai, wa kudaiwa ni sisi watu wazima.

Mzee wa Miradi: Hapo kwa mama nimekuelewa.

Mwali wa Kyela: Shikamoo dada. Mimi nafanya na kina mama wauza mchele, wengi watu wazima, Kiswahili wanaongea ila wakifika kwenye mambo mazito wanarudi Kinyakyusa, na kusoma hawasomi. Ridhaa ya maandishi inakuwaje? Na mkalimani nimtumie nani, maana aliyepo ni mtoto wa mwenyekiti.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hili swali ndo nililokuwa nalisubiri. Mtoto wa mwenyekiti hapana, hata kama ni mtu mwema, maana mama hatasema mbele yake kwamba mwenyekiti ndo tatizo. Tafuta mtu wa kata nyingine anayejua lugha, mwanamke kwa wanawake, mlipe, na naye asaini kutunza siri. Kabla ya kazi kaa naye mpitie maneno, mwambie atafsiri kilichosemwa chote, sio kufupisha, ukiona mama kaongea dakika tatu na yeye kakupa sentensi moja simamisha. Ridhaa: msomeeni kwa Kinyakyusa yote, kisha yeye arudie kwa maneno yake amekubali nini, rekodi hiyo sauti. Akirudia vibaya hajaelewa, anzeni upya. Baada ya hapo alama ya dole gumba kwenye karatasi na shahidi aliyemchagua yeye. Sauti na karatasi vinatunzwa mbali na picha, faili la picha liwe na namba tu, jina liko kwenye daftari linalofungiwa. Na mahojiano fanyeni kwa Kinyakyusa moja kwa moja, utaona anavyobadilika. Nitumie meseji nikupe mfano wa yale maswali ya kurudia.

Mwali wa Kyela: Asante sana dada. Na wakati wa mvua? Tukiingia ndani bati linapiga kelele hatusikii kitu.

Jibu: Kyela hiyo ni vita. Ukiweza panga mahojiano asubuhi. Ikishindikana maiki ibanwe kifuani karibu kabisa na mdomo, mkae katikati ya chumba mbali na dirisha, blanketi juu ya meza. Bati likizidi acheni, pigeni stori mpaka mvua ipungue.

Kijana wa Makete: Naongezea, huku mwezi wa sita na wa saba betri inasoma nusu halafu inazima ghafla. Ni baridi, sio mbovu. Weka ya akiba mfuko wa ndani wa koti igusane na mwili, ile iliyozima ukiipasha moto hivohivo mwilini inarudi na chaji kidogo.

Jibu: Kweli kabisa. Na ukitoka nje kwenye ubaridi usiingie na kamera moja kwa moja jikoni kwenye moto, lenzi inashika ukungu na maji yanaingia ndani. Iache kwenye begi limefungwa zipu mpaka izoee.

Mdau wa Mwanjelwa: Hata ya simu?

Jibu: Hata ya simu. Na upepo wa Kitulo je, kijana wa Makete, maiki unaifunika na nini?

Kijana wa Makete: Kipande cha blanketi lenye manyoya, tunashona kama soksi. Fundi wa Makambako stendi anashona, mpelekee maiki apime.