Nondo Mbili Chini ya Nyasi: Namna ya Kuchora Uwanja wa Riadha na Mpira

Kila mwaka masika yakikatika hapa Malindi, huja kijana kutoka ofisi ya michezo ya chuo akaniuliza, "Mzee, uwanja tayari lini?" Hudhani kuchora uwanja ni kumwaga chokaa. Chokaa ni kazi ya asubuhi moja. Kazi yenyewe ni hesabu, na hesabu yote imefungwa kwenye nondo mbili nilizozika mwenyewe. Ukizikosea hizo, hata ukichora kwa rangi ya dhahabu, uwanja wako ni wa uongo.

Kwanza ulaze uwanja wako kusini kwa kaskazini, ili jua la magharibi lisimchome mlinda lango machoni. Jukwaa liwe upande wa magharibi, watazamaji wa jioni walipe jua mgongo. Sasa kumbuka kwamba wakimbiaji huzunguka mkono wa kushoto ukiwa ndani, kwa hiyo wanaopita mbele ya jukwaa wanaelekea kusini. Kusi ikivuma, mwanafunzi wa mita 100 anapigwa upepo usoni, na saa yake utaiona. Kaskazi ikija, anasukumwa, ila upepo ukizidi mita 2 kwa sekunde muda wake hauandikwi kuwa rekodi. Basi Julai wakinilalamikia muda, nawaambia wakagombane na kusi.

Kwa njia sita za kukimbilia utahitaji eneo la mita 172.23 kwa 87.84, na nafasi ya ziada pembeni. Tafuta katikati yake. Kutoka hapo pima mita 42.195 kwenda kusini, na 42.195 kwenda kaskazini. Ni tarakimu zilezile za marathoni, ila marathoni ni kilomita. Imesadifu tu, lakini vijana wangu hawaisahau. Kila upande pigilia nondo, umwagie zege, na kichwa chake kikae chini ya udongo kiasi cha shubiri moja. Kina hicho si cha kujadiliana: nondo hizi ziko ndani ya boksi la mpira, karibu kabisa na lango, mahali watu wanapoanguka.

Kati ya nondo na nondo sasa una mita 84.39. Huo ndio urefu wa sehemu iliyonyooka. Kwenye kila nondo toa pembemraba kulia na kushoto, kwa pembetatu ya mita 6, 8 na 10, kisha pima mita 36.60 kila upande. Utapata pembe nne. Usiziamini bado. Pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala: zote mbili zitoe mita 111.71. Zikitofautiana hata kwa kiganja, rudi nyuma. Kona huchorwa kutoka kwenye nondo, tepu imenyooshwa kwa mita 36.60, mtu mmoja ameshika upande wa nondo na mwingine anatembea akipigilia vigingi.

Ukisoma vitabu vya riadha utaona 36.50, si 36.60. Kile ni kipimo cha uwanja wenye ukingo ulioinuka, ambapo mbio hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo. Uwanja wa nyasi wenye mstari tu hupimwa sentimita 20 nje ya mstari. Ukichukua 36.50 ukaweka mstari wa chokaa, mzunguko wako umepungua sentimita 63, na hakuna atakayejua ila wewe na Mungu.

Nilisema tepu, na namaanisha tepu ya chuma. Mwaka mmoja tepu yetu ilikatika siku mbili kabla ya mashindano, nikachukua kamba ya katani, nikaipima jioni ikiwa kavu. Usiku ikalala nje, ikanyewa umande. Katani ikilowa hujikunja, ikafupika kama sentimita 40. Mimi nikachora kona zote mbili alfajiri nikiimba. Mzunguko ulipungua mita 2 na nusu. Mchana ule vijana wa mita 400 walikimbia muda ambao hawajaukimbia tena maishani, wakanikumbatia! Nilipopima upya jioni sikulala. Mshipi wa kuvulia nao usiuguse, unavutika.

Njia moja ni mita 1.22, pamoja na mstari wake wa kulia wenye unene wa sentimita 5. Hapa kuna siri ya bure: njia sita ni mita 7.32, na lango la mpira kati ya mlingoti na mlingoti ni mita 7.32. Siku huna cha kukagulia, nyosha uzi langoni, uukunje sehemu sita sawa, uutie alama.

Mstari wa kumalizia uko pale sehemu iliyonyooka ya mbele ya jukwaa inapokwisha, kona inapoanza. Mita 100 hazienei kwenye 84.39, hivyo irefushe njia kinyumenyume mita 15.61, na baada ya mwisho acha angalau mita 17 za kupunguza mwendo. Chuo kimoja nilikiona kimeweka ukuta hapo. Sitakitaja.

Za mita 400, kila njia inaanzia mbele ya ile ya ndani yake kwa mita 7.67, ukipima kwa kuufuata mviringo sentimita 20 kutoka mstari wa ndani. Njia ya sita iko mbele mita 38.33. Kwa mita 200 chukua nusu yake. Kwenye uwanja wenye ukingo ulioinuka, njia ya pili peke yake ni 7.04, usichanganye.

Mpira sasa. Kila mtu anataka 105 kwa 68, na kwa kweli unaingia, lakini bendera ya kona inabaki mita 1 tu na kitu kutoka mstari wa mbio. Mpiga kona anarudi nyuma juu ya njia. Penye ukingo anaweza kuvunjika kifundo. Mimi nachora 100 kwa 64, bado ni halali hata kwa mechi za kimataifa, na bendera inapata zaidi ya mita 3 na nusu. Mengine unayajua: boksi mita 16.5, penalti 11, duara la kati nusu kipenyo 9.15. Mkuki utupwe baada ya mpira, si kabla, kisha mashimo yafukiwe siku hiyohiyo.

Chokaa tunayo ya matumbawe, lakini hakikisha imezimwa kwa maji siku kadhaa. Isiyozimwa inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni balaa.

Mwisho, ili mwakani uzipate tena nondo zako chini ya udongo, pima kutoka kila nondo hadi pembe ya stoo na hadi mwarobaini wa getini, uandike namba hizo nne nyuma ya mlango wa stoo kwa rangi ya mafuta. Mwaka jana walitaka kuukata ule mwarobaini. Nilikaa chini yake siku nzima na thermosi yangu ya chai.