Nyumba ya Tanga ioshwe lini, na uanzie ukuta upi

Kama una nyumba Tanga nawe unaishi ughaibuni, ratiba ya kuosha kuta ya huko ulipo, Leeds au Minneapolis, haiifai nyumba iliyo Raskazone, mtaa wa Tanga ulio kando ya bahari. Kuta za saruji zenye rangi zioshwe mara mbili kwa mwaka: Juni, masika yakishapungua, na tena Januari au Februari, baada ya vuli. Pesa ikibana, usiache ya Juni. Vyuma vina hesabu yake. Geti, grili za madirisha na bati lililo chini ya upenu visuuzwe kila mwezi, kwani chumvi ya bahari hujikusanya hasa pale mvua isipofika. Maji yawe ya bomba. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na kusuuzia geti maji hayo ni kulisha kutu.

Anzeni na ukuta wa kusini. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana liko kaskazini, huku kusi, upepo utokao kusini, ikiusukumia mvua ukuta huohuo, hivyo unalowa na haukauki. (Mafundi hupenda kuosha mbele, ndiko kunakopigwa picha.)

Palipo na weusi, dondosheni jiki kidogo. Ukififia ndani ya dakika chache, ni kuvu. Usipofifia ni uchafu wa kawaida, sabuni ya unga na brashi vinatosha. Kwa kuvu, changanyeni jiki sehemu moja na maji sehemu tatu. Mwagieni mimea maji kwanza, pakeni dawa kutoka chini kwenda juu ili isiache michirizi, subirini dakika 10 hadi 15 bila kuiacha ikauke, kisha suuzeni kutoka juu. Glovu na miwani ni lazima. Jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu.

Mashine ya presha peke yake huondoa kijani kinachoonekana tu; kuvu iliyobaki kwenye vitundu vya plasta huota tena. Kwenye nyumba za kale za mawe na chokaa isitumike kabisa, maana hung'oa lipu. Unga mweupe chini ya ukuta nao si kuvu, ni chumvi inayopandishwa na unyevu wa ardhini: usugueni kwa brashi kavu, kisha mtafute maji yanatoka wapi.

Kama mnakinga maji ya mvua, chomoeni bomba linaloingiza maji kwenye tangi kabla ya kuosha bati. Msimamizi atume picha za kuta zote nne na chini ya upenu, kabla na baada, ndipo umalizie malipo.