Kuchora Hadithi ya Kutisha: Luanda Magere na Kivuli Chake

Hadithi ya Luanda Magere inajulikana na karibu kila mtu aliyelelewa kati ya Kisumu na Muhoroni, magharibi mwa Kenya. Shujaa huyu wa Kijaluo kutoka Kano, ambaye mkuki haukuweza kuupenya mwili wake, aliozwa msichana wa Kinandi, aliyetumwa na watu wake kuigundua siri yake. Alipougua, akamwambia mkewe amchanje chale kwenye kivuli badala ya ngozi, na kivuli kikatoka damu. Msichana akatoroka usiku, akawaeleza watu wake, na katika vita vilivyofuata kivuli ndicho kilichochomwa mkuki, shujaa akaanguka na kugeuka jiwe. Nimeichagua hadithi hii kwa mwongozo huu kwa sababu kivuli, ambacho wachoraji wengi hukiongeza mwishoni ili mtu asionekane anaelea hewani, hapa ndicho mhusika mkuu, na kila uamuzi wa mchoraji hauna budi kuanzia hapo.

Anza kwa kuisikiliza hadithi ikisimuliwa, hata kama unayo maandishi yake mezani. Msimulizi mzuri hushusha sauti mahali fulani, na mahali hapo ndipo penye hofu, paandike. Kisha isome kwa sauti ukitia alama kwenye kila sentensi ambayo ungependa msomaji aifikie baada tu ya kufungua ukurasa. Katika kitabu cha kurasa 32, kipimo cha kawaida cha vitabu vya picha vya watoto, ukiondoa kurasa za mwanzo na za mwisho utabaki na jozi 12 hadi 14 za kurasa zinazotazamana. Zichore zote kwanza kwa udogo wa stempu ya posta, kwenye karatasi moja, bila nyuso na bila mapambo, uone giza linavyoongezeka kutoka jozi moja hadi nyingine. Kwa maoni yangu, kitabu cha namna hii huharibika pale jozi ya kwanza inapokuwa nyeusi tayari, kwa kuwa ya kumi haitakuwa na pa kwenda. Harusi ichorwe kwa mwanga mwingi.

Sasa jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na hilo humsaidia mchoraji kwa sababu mwendo wa jua hautofautiani sana mwaka mzima. Adhuhuri kivuli hujikusanya karibu na nyayo. Katikati ya asubuhi na tena alasiri, jua likiwa nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, kivuli hulingana na kimo cha mtu, na kama saa moja kabla ya jua kutua hufikia karibu mara nne ya kimo hicho. Kwa hiyo vita vya kwanza, ambamo adui anarusha mikuki isiyomdhuru shujaa, vichore adhuhuri: kivuli kipo, lakini ni kidogo na hakuna anayekiangalia. Vita vya mwisho viweke jioni. Ziwa Viktoria liko magharibi mwa tambarare ya Kano na milima ya Nandi iko kaskazini-mashariki, hivyo jua la jioni humpiga shujaa mgongoni anapowakabili adui wanaoshuka kutoka milimani, na kivuli chake hutangulia mbele yake kuelekea kwao. Weka jicho la msomaji upande wa adui na karibu na ardhi. Uso wa shujaa utakuwa gizani kwa sababu mwanga uko nyuma yake, na utosi wa kivuli utafika kwenye ukingo wa chini wa ukurasa. Mkuki uchore umesimama ardhini, pale kifua cha kivuli kilipo. Mwilini usichore jeraha lolote. Ukitatizwa na pembe za kivuli, simamisha mwanasesere juu ya meza, washa tochi ya simu, ishushe polepole na uchore unachokiona badala ya kukisia.

Picha ngumu kuliko zote ni ile ya chale. Ni usiku, ndani ya nyumba ya msonge, na mwanga ni wa moto wa mafiga peke yake (koroboi isiingie hapa, kwani mafuta ya taa yalikuja baadaye sana). Moto uko chini, kwa hiyo vivuli hupanda ukutani na kuwa vikubwa kuliko wenyewe, na kwa kuwa ukuta ni wa mviringo, kivuli hupinda: kiuno kiko sakafuni, mabega yako ukutani, na kichwa huelekea kwenye mapaa. Mlaze mgonjwa kwenye ukurasa wa kushoto, mkewe mpigishe magoti kwenye ukurasa wa kulia akiwa amempa mumewe kisogo na mkono wenye wembe umegusa ukuta, na uache mshono wa kitabu upite kati ya mwili na kivuli. Damu isiwekwe juu ya weusi mtupu, kwa sababu haitaonekana. Kipake kivuli kwa wino mweusi uliozimuliwa kwa maji, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, kisha tone la damu lipewe weusi kamili. Ukitaka rangi nyekundu, itumie hapa tu na usiirudie popote kitabuni.

Msichana huyu asichorwe kama mchawi. Kwa Wajaluo amesaliti nyumba. Kwa watu wake amefanya kazi aliyotumwa. Wanandi na Wajaluo ni majirani hadi leo, watoto wao hukaa dawati moja, na mchoraji anayewapa watu wa upande mmoja meno marefu na macho mekundu anafanya madhara ambayo hadithi yenyewe haikuyafanya. Tena hadithi hutisha zaidi uso wake ukiwa wa kawaida kabisa.

Kwa mavazi, ngao na mpangilio wa boma, nenda Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambako kuna mfano wa boma la Kijaluo unaoweza kuuzunguka na kuuchora kutoka pande zote. Picha utakazopiga mwenyewe njiani zichuje kwa ukali. Mashamba ya miwa unayoyaona leo yametapakaa kwa sababu ya viwanda vya Muhoroni na Chemelil, vilivyojengwa miaka ya 1960. Mikaratusi ililetwa na wageni. Magugumaji hayakuwamo ziwani. Mtama, wimbi, nyasi ndefu na uzio wa mimea ni salama zaidi. Jiwe linalosemekana ndilo Luanda Magere liko upande wa Muhoroni, na husimuliwa kwamba wawindaji walinoa mikuki yao juu yake ili wapate bahati. Kalione, kwa sababu ukilichora kwa kukisia utalipa umbo la mtu, na hapo utakuwa umemweleza msomaji jambo ambalo angelitambua mwenyewe.

Tumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kwani nyepesi hukunjamana kwa maji ya wino. Ongeza milimita 3 za mchoro kila upande kwa ajili ya kukatwa, na usiweke uso wala ncha ya mkuki kwenye mshono. Piga skani kwa nukta 300 kwa inchi, au 600 kwa michoro ya mistari mitupu. Wino wa mashine hutapakaa kidogo kwenye karatasi isiyong'aa, na tabaka ulizozitenganisha kwa subira huweza kuwa bonge moja jeusi, kwa hiyo mwombe mpiga chapa akutolee jozi ya chale peke yake, kwenye karatasi ileile itakayotumika, kabla ya kitabu kizima. Iangalie nje mchana na tena ndani usiku. Kama tone la damu limepotea, punguza weusi wa kivuli kwenye kompyuta, uombe sampuli nyingine.