Gari jipya, safari ya kwanza: namna ya kulifikisha nyumbani bila kidonda kwenye rangi

Kazi yangu ni kubandika filamu za kinga, plastiki angavu inayolinda rangi, kwenye magari na kurekebisha rangi iliyochoka. Magari mengi ninayopokea ni mapya, mengine yametoka kwa muuzaji siku hiyo hiyo, na mwenyewe hushangaa nikimulika tochi kwenye ncha ya boneti na kumwonyesha kwamba mawe yameshaidonoa. Filamu hailifichi donda. Ukibandika juu yake, unalifungia pale pale, na litaonekana miaka yote. Kwa hiyo kama una mpango wa filamu, hakuna safari ya kuiangalia kama hii ya kwanza. Na kama huna mpango huo, hatua nyingi za hapa chini hazikugharimu kitu.

Kwanza ujue unacholinda. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya msingi) hadi juu, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi; maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Tabaka la juu kabisa, klia, ndilo linaloleta mng'ao na kukinga rangi na jua, nalo huchukua karibu maikroni 40 au 50 tu. Mkwaruzo usiovuka klia unaweza kuondoka kwa polishi. Jiwe halikwaruzi, linapasua: hufika kwenye praima au kwenye bati lenyewe, na hapo polishi haina kazi.

Kuna watu watakuambia rangi ya gari jipya bado laini, isiguswe kwa wiki kadhaa. Hilo ni la gari lililopigwa rangi upya gereji. Gari la kiwandani hupitishwa kwenye oveni, klia ikaokwa kwa joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Linapofika kwako limekwisha kuiva, na unaweza kulibandika filamu siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Zungumza na muuzaji kabla gari halijaguswa

Waombe mambo matatu, na ikiwezekana yaandikwe kwenye fomu ya oda: wasilioshe, wasitoboe wala kubandika stika, na wasiondoe nailoni za usafirishaji hadi ufike.

La kuosha ndilo linalowashangaza, maana wao huona wanakufanyia hisani. Lakini mara nyingi kijana wa kuosha ana foleni ya magari, ndoo moja na kitambaa kimoja. Mchanga wa gari la kwanza unasugua gari la kumi. Ukiliweka gari la namna hiyo juani, hasa jeusi, utaona michirizi midogo inayozunguka mwanga kama utando wa buibui, kabla hata halijatembea. Mimi naona heri upokee gari lenye vumbi.

Zile nailoni nyeupe ambazo baadhi ya viwanda hubandika kwenye boneti na paa zimetengenezwa kwa kazi hii hasa. Ikiwa zimeshika vizuri kote, wala hazizibi kioo au taa, muulize muuzaji kama unaweza kuondoka nazo. Zikiwa zimeanza kuachia pembeni, zitolewe, kwa sababu upepo wa barabarani utazibandua zote na kukurushia kiooni.

Hatua ya 2: Likague likiwa kavu, kabla hujasaini

Usikubali kukagua gari lililotoka kuoshwa. Maji hujaa kwenye mikwaruzo na kuificha. Chukua tochi, iinamishe karibu na bodi ili mwanga upite ubavuni badala ya kupiga moja kwa moja, kisha zunguka taratibu. Angalia pembe za bampa, kingo za milango, sehemu ya bampa ya nyuma mizigo inapoburuzwa kuingia kwenye buti, na vile vibonde nyuma ya vishikio vya milango ambako kucha na pete hupita.

Ukiwa na kipimo cha unene wa rangi, kitumie. Tofauti ndogo kati ya sehemu na sehemu ni kawaida. Mlango mmoja ukisoma 250 wakati mingine yote iko kwenye 120, uliza umepigwa rangi lini na kwa nini. Vipimo vingi husoma juu ya chuma tu, kwa hiyo usitegemee kikwambie lolote kuhusu bampa la plastiki. Piga picha za kila dosari na uhakikishe imeandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano.

Ukiona vidoa vidogo vya rangi ya chungwa kwenye gari jeupe, hizo ni chembe za chuma zilizolifuata njiani likisafirishwa. Usizikwangue kwa kucha. Zina dawa yake ya kuziyeyusha, na zinaweza kusubiri.

Hatua ya 3: Tepu, kama safari inaihitaji

Ikiwa unatoka kwa muuzaji kwenda mtaa wa pili kwa mwendo wa mjini, ruka hatua hii. Tepu ni ya barabara kuu ndefu, yenye malori au matengenezo. Na kama ni ndefu kweli kweli, fikiria kulipia lori la kubeba gari, hasa lililofunikwa.

Tumia tepu ya wapaka rangi za nyumba, ile ya bluu, pana kadiri utakavyopata. Filamu ya muda ya kubandika na kubandua ni bora zaidi. Tepu ya makatoni na selotepu ziache kabisa: jua likizipata, gundi yake hubaki kwenye rangi na karatasi inaondoka peke yake.

Mahali pa kubandika pawe safi. Mwagia maji mengi, kausha kwa kitambaa safi cha maikrofaiba kwa kukikandamiza bila kufuta, kisha bandika. Vumbi likibaki chini ya tepu, mtikisiko wa safari utalisagia hapo hapo.

Funika bampa la mbele, theluthi ya mbele ya boneti, uso wa vioo vya pembeni unaotazama mbele, nguzo mbili za kioo cha mbele, ukingo wa mbele wa paa, na sehemu ya chini ya bodi iliyo mbele ya tairi za nyuma. Wengi husahau hii ya mwisho, wakati ndiyo inayopigwa na mawe ya tairi zako mwenyewe.

Mpangilio ni muhimu. Kwenye boneti anza nyuma, uje mbele, kila mstari mpya ukilalia ukingo wa mbele wa ule uliotangulia. Hivyo upepo unapita juu ya maungio bila kupata pa kuingilia. Mstari wa mbele kabisa ukunje uingie chini ya mdomo wa boneti. Ukibandika kinyume, upepo utaanza kuzinyanyua moja moja.

Usifunike taa, namba ya gari, wala grili inayopitisha hewa ya kupoza injini. Vile viduara vidogo kwenye bampa ni vihisi vya kuegeshea; viache wazi. Magari mengi ya sasa pia yana rada ya breki ya dharura nyuma ya nembo au kwenye kifuniko laini cha plastiki chini ya bampa, na kamera juu ya kioo. Zikizibwa, mfumo unaweza kuzima au kukosea. Angalia kwenye kitabu cha gari ziko wapi. Baada ya kilomita chache simama, pitisha kiganja kwenye kingo zote, ukandamize zilizoachia.

Hatua ya 4: Chagua njia na saa

Njia ndefu kidogo yenye lami nzima ni bora kuliko ya mkato yenye kokoto. Ikwepe kabisa lami iliyomwagwa karibuni, kwa sababu kokoto zake bado hazijashika na tone la lami huganda kwenye bodi. Machweo nayo ni saa ya wadudu, na mabaki yao yana tindikali inayokula klia yakikaukia juani.

Hatua ya 5: Endesha kwa nafasi

Hapa ndipo penye kinga kubwa kuliko tepu zote. Jiwe likirushwa na tairi la gari la mbele hupanda juu, hupoteza kasi, na mara nyingi linakuwa linaelea tu wewe unapolifikia. Maana yake, nguvu kubwa ya pigo ni mwendo wako mwenyewe. Na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: ukienda kilomita 110 kwa saa badala ya 80, jiwe lile lile linapiga kwa nguvu inayokaribia mara mbili.

Acha sekunde nne kati yako na gari la mbele. Likipita nguzo, hesabu. Ukiifikia kabla ya nne, uko karibu mno. Kwa mwendo wa 80 hiyo ni karibu mita 90, na mawe mengi yatakuwa yameshatua. Watu watakuingilia mbele, ndiyo. Punguza tena, uache nafasi upya.

Malori ya mchanga na kokoto yape nafasi zaidi, hata yakiwa matupu, maana mabaki hubaki kwenye kingo za bodi na kila tuta linayatikisa. Tairi za nyuma za lori zilizopangwa mbili mbili pia hubana mawe katikati yake na kuyatema mwendo ukikolea. Ukilipita, lipite kwa uhakika, usitembee nalo sambamba. Likikupita wewe, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta mpaka liwe mbali.

Baki katikati ya njia yako; kokoto hujikusanya pembeni. Ukilazimika kukanyaga changarawe, nenda polepole. Mwendo huu wa taratibu unafaa pia kwa injini na breki ambazo bado hazijazoeana na kazi, na kwa tairi mpya ambazo mwanzoni huteleza kidogo.

Hatua ya 6: Unaposimama

Usiegeshe chini ya mti, hata kwa kivuli kizuri vipi. Ndege akikuharibia, lowesha kitambaa, kiache juu ya kinyesi dakika chache, kisha kinyanyue bila kusugua. Ukijaza mafuta, futa tone linalodondoka mara moja. Boneti si meza ya funguo, simu wala mafaili. Na anayetaka kupiga picha ameegemea gari, vifungo vya jinzi yake vimwambie hapana.

Hatua ya 7: Ukifika

Toa tepu siku hiyo hiyo, gari likiwa kivulini na bodi imepoa. Ikunje irudi juu yake yenyewe na uivute polepole. Ikigoma, ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Gundi iliyobaki itoe kwa spiriti ya isopropili kwenye kitambaa.

Suuza kwa maji mengi kwanza, wadudu walainike. Halafu ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia kitambaa.

Ukikuta donda licha ya yote, usingoje. Namba ya rangi mara nyingi iko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango. Nunua rangi ya kugusia ya namba hiyo, safisha donda kwa spiriti, chovya ncha ya kijiti cha meno, udondoshee kidogo katikati ya donda bila kumwaga nje. Iache ikauke, rudia hadi ikaribie usawa wa rangi ya pembeni, kisha weka klia. Kwa bati lililo wazi fanya hivyo mapema, kabla kutu haijaanza. Rangi hiyo haijaokwa, kwa hiyo ipe siku kadhaa ikauke kabisa ndipo ulete gari kwa fundi wa filamu, na umwonyeshe ilipo ili asiisugue wakati wa kusafisha.