Umeambiwa una kisukari? Anzia hapa, na usitenge sufuria

Ukitoka hospitali na karatasi imeandikwa sukari 16 (kwa kipimo cha mmol/L, ndicho tutakachotumia hapa), kabla hujafika nyumbani simu zimeshaanza, shangazi anasema acha wali kabisa, jirani anasema kunywa maji ya bamia, mwingine katuma voisi ndefu ya mtu eti kapona kwa majani sijui gani. Sikiliza wote, sema asante, afu wiki ya kwanza fanya mambo mawili tu: meza dawa kama ulivyoandikiwa na acha kunywa sukari.

Nimesema kunywa. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yani karibu vijiko tisa vya chai, na inaingia kwenye damu haraka sana. Juisi ya miwa, juisi ya embe hata uliyosaga mwenyewe, chai ya vijiko vitatu asubuhi mchana jioni, vyote humo humo. Asali nayo ni sukari, usidanganywe eti ni ya asili. Chai bila sukari mwanzoni inakera kweli, tia tangawizi na iliki, ulimi unazoea.

Dawa sasa. Wengi wanaanzishiwa metformin, vidonge vya kushusha sukari, na siku za mwanzo tumbo linaweza kuvuruga, gesi, kuharisha, kichefuchefu. Ndo maana unameza pamoja na chakula. Kwa wengi inatulia yenyewe, isipotulia rudi kwa daktari akupangie upya, usiache kimya kimya. Kama umeandikiwa glibenclamide au insulini hapo kuna jambo jingine, usitumie afu ukakaa na njaa, sukari itashuka. Na ukiambiwa uanze insulini usilie kama umehukumiwa, ni dawa tu kama nyingine. Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji (sio friza, ikiganda tupa), na huna friji basi mtungi wa udongo wenye unyevu sehemu ya kivuli unasaidia, ila funga insulini kwenye mfuko isiloe.

Haya tuje kwenye chakula, hapa ndo nyumba nyingi zinakwama. Mgonjwa anatengewa sufuria lake, dona yake, mboga yake ya kuchemsha haina hata kitunguu, wenzake wanakula pilau pembeni. Mwezi wa kwanza mnajitahidi, wa pili gesi na hela vinaanza kusumbua, wa tatu mzee anadokoa ukoko jikoni usiku watu wamelala. Hii kitu utakaa nayo miaka, kwa hiyo pikeni chungu kimoja na ubadilishe sahani yako. Nusu ya sahani mboga, mchicha, matembele, bamia, kabichi, chochote kilichopo sokoni. Robo maharage au dagaa au samaki au yai. Robo iliyobaki ndo ugali au wali, ugali kama ngumi yako hivi. Anza na mboga na maharage, wanga umalizie nao, inasaidia sukari isiruke. Dona ni afadhali kuliko sembe lakini nayo inapandisha, kuna watu wakisikia dona ni nzuri wanajaza mlima, mwisho wa siku ni yale yale. Ndizi, mihogo, viazi vitamu vyote vinahesabika kwenye ile robo. Tunda kula zima, moja, usilikamue.

Utajuaje chakula gani kinakuumiza wewe? Mashine ya kupima sukari. Kabla hujanunua uliza kwanza bei ya stripu zake (vile vijikaratasi vya kuwekea damu) na kama zinapatikana maduka ya karibu, maana mashine unanunua mara moja ila stripu ndo zinakula hela kila mwezi. Ndugu akikutumia mashine kutoka Marekani usizimie ukiona 126, ile inasoma kipimo kingine, mg/dL, gawanya kwa 18 unapata 7. Nawa mikono kwa sabuni ukauke kabla ya kutoboa, ukitoka kumenya embe ukapima na vidole hivyo hivyo utasoma sukari ya embe. Toboa pembeni ya kidole, katikati panauma bure, na kopo la stripu lifunge muda huo huo. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4 hadi 7 kabla ya kula asubuhi na chini ya 10 masaa mawili baada ya chakula, ila daktari anaweza kukupa namba zako, hasa kwa wazee. Huna hela ya kupima kila siku? Pima mara chache ila kwa akili: leo kabla ya kula, siku nyingine masaa mawili baada ya ule wali, uandike kwenye daftari na ulichokula.

Dalili za sukari kushuka watu wote wa nyumbani wazijue. Kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo mbio, kuongea vitu havieleweki. Chini ya 4 kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu ya soda (ya kawaida, sio diet), subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda kula chakula. Akizimia msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Miguu kagua kila jioni mpaka katikati ya vidole, nyayo tumia kioo au mwambie mtoto akuangalie. Ganzi inafanya mtu atembee na msumari hajui. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, maji ya kuoga pima kwa kiwiko, na kidonda hata kidogo ni cha kituo cha afya, sio cha kubandika majani.

Kwa wanaofunga Ramadhani, muone daktari mwezi mmoja au miwili kabla ili dawa zipangwe upya. Kwenye kliniki nenda na daftari lako, na usipoambiwa uliza mwenyewe: HbA1c yangu (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) lini, macho lini, figo lini. Macho na figo walau mara moja kwa mwaka, hata kama unaona vizuri kabisa.